Kilimanjaro bila CHADEMA kwenye karatasi ya kura: chama kitarudi kwa njia gani?

Tangu katikati ya Aprili, swali linalorudiwa zaidi kwenye simu na meseji za wasikilizaji wetu si bei ya kahawa wala hali ya barabara ya kwenda juu. Ni hili: Oktoba tutampigia nani? Anayeuliza yuko Kibosho, Uru, Machame au Marangu, na mara nyingi ni mtu ambaye kwa miaka 25 amezoea kuiona CHADEMA kwenye karatasi ya kura, iwe anaipigia au anapiga dhidi yake. Hata wanachama wa CCM wanauliza. Mmoja aliniambia kwamba kushinda bila kushindana hakuna hata ladha ya kusherehekea.

Makala haya yanaeleza tumefikaje hapa, na kama chama kilichopoteza mkoa huu mwaka 2020 bado kina njia ya kuurudisha. Nitasema mapema ninavyoona mimi: Kilimanjaro haikupotea kwa CHADEMA mwaka 2020 kwenye kura za wabunge. Ilipotea mwaka mmoja kabla, kwenye vitongoji, na huko ndiko chama kingepaswa kuanza kuitafuta. Shida ni kwamba sasa hata mlango wa huko ni mwembamba.

Kilichotokea Aprili

Aprili 9 mwaka huu wa 2025, mwenyekiti wa CHADEMA, Tundu Lissu, alikamatwa Mbinga mkoani Ruvuma baada ya mkutano wa hadhara. Siku iliyofuata alifikishwa mahakamani Dar es Salaam na kushtakiwa kwa uhaini, kosa ambalo halina dhamana. Aprili 12, vyama vilikutana Dodoma kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi. CHADEMA haikwenda kusaini. Siku hiyohiyo Mkurugenzi wa Uchaguzi wa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, Ramadhani Kailima, alitangaza kwamba chama ambacho hakikusaini hakitashiriki uchaguzi mkuu wa mwaka huu, wala chaguzi ndogo kwa miaka mitano. Viongozi wa CHADEMA wanaipinga tafsiri hiyo.

Chama chenyewe kilikuwa kimeshasema hakitaingia kwenye uchaguzi bila sheria na mfumo kubadilishwa. Kauli mbiu yake ni kwamba bila mabadiliko hakuna uchaguzi, na kwamba si kususia bali kuuzuia. Kwa hiyo ukiuliza nani amemtoa nani, utapata majibu mawili: Tume inasema CHADEMA imejitoa yenyewe, CHADEMA inasema imetolewa.

Kwa mpiga kura wa Old Moshi matokeo ni yaleyale. Oktoba utapewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Hakuna hata moja itakayokuwa na jina la mgombea wa CHADEMA. Wasikilizaji kadhaa wameuliza kama diwani wao anayependwa anaweza kusimama mwenyewe bila chama. Hapana. Katiba yetu inataka kila mgombea adhaminiwe na chama cha siasa. Suala la mgombea binafsi lilipiganiwa mahakamani kwa miaka mingi na marehemu Mchungaji Christopher Mtikila, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni jambo la Bunge kuamua. Bunge halijaamua. Mwanachama wa CHADEMA anayetaka udiwani mwaka huu ana njia mbili: ahame chama au akae nyumbani.

Mkoa ambao haujawahi kuwa wa mtu

Kuna watu wanadhani Kilimanjaro ilizaliwa ikiwa upinzani. Si kweli, na si kweli pia kwamba ilikuwa shamba la CCM ambalo wapinzani waliiba. Watu wa mlima huu walishaanza kampeni na kura mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati Thomas Marealle alipochaguliwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachaga, na kabla muongo huo haujaisha wengi wao walikuwa wameshamchoka. Mwaka 1960 walipiga kura tena na cheo hicho kikafutwa. Ni watu wanaompandisha mtu, halafu wanamhesabia siku.

Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, mwaka 1995, ulikuwa wa Augustine Lyatonga Mrema. Kila aliyekuwa na akili wakati ule anakumbuka siku saba zake alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Alihama CCM, akaingia NCCR-Mageuzi, akagombea urais na kupata karibu asilimia 28 ya kura nchi nzima. Hapa nyumbani NCCR ilipita kama mafuriko. Moshi Mjini ilitoka mikononi mwa CCM mwaka huo na haikurudi kwa miaka 25.

Lakini NCCR ilidumu kwa muda gani? Mrema na akina Mabere Marando waligombana hadi chama kikapasuka, na mwaka 1999 Mrema akahamia TLP. Ufa huo ndio ulioifungulia CHADEMA mlango. Mwaka 2000 Philemon Ndesamburo alichukua Moshi Mjini na Freeman Mbowe akachukua Hai. Ndesamburo alikaa miaka 15, akamwachia kijiti Jaffary Michael mwaka 2015. Hai haikuwa hivyo: mwaka 2005 Mbowe aligombea urais, na jimbo likaenda kwa Fuya Kimbita wa CCM. Ilimlazimu Mbowe asubiri hadi 2010 kulirudisha.

Vunjo ndiyo mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu inafundisha kuliko majimbo yote. Mwaka 2005 ilimchagua Aloyce Kimaro wa CCM. Mwaka 2010, Mrema wa TLP. Mwaka 2015, James Mbatia wa NCCR-Mageuzi. Mwaka 2020, Charles Kimei wa CCM. Chaguzi nne, vyama vitatu, na hakuna mbunge aliyerudi. Anayesema mpiga kura wa Marangu, Mwika na Kilema ana chama cha kuzaliwa nacho, aangalie orodha hiyo.

Kilele cha upinzani kilikuwa 2015. Mkoa una majimbo tisa. Upinzani ulichukua saba: Moshi Mjini, Moshi Vijijini, Hai, Siha, Rombo na Same Mashariki kwa CHADEMA, na Vunjo kwa NCCR. CCM ilibaki na Mwanga na Same Magharibi tu. Vyama vya UKAWA viliachiana majimbo, na Edward Lowassa alikuwa amehama na watu wake. Miaka mitano baadaye CCM ilichukua yote tisa.

CCM ilirudije?

Hapa ndipo maelezo ya vijiweni huwa mafupi mno. Upande mmoja unasema ni wizi, basi. Upande wa pili unasema ni maendeleo, basi. Mimi nimeifuatilia safari hiyo kwa karibu kama mtangazaji, na naona ilikuwa na hatua kadhaa, nyingine za jasho na nyingine za nguvu.

Tuanze na jasho. CCM haikuwahi kuvunja mashina yake hata ilipokuwa imeshindwa vibaya. Balozi wa nyumba kumi aliendelea kuwa balozi. Kule Rombo na Moshi Vijijini ungeweza kukuta kata yenye diwani wa CHADEMA, lakini msiba ukitokea, aliyefika na daftari la michango mapema alikuwa ni katibu wa tawi wa CCM. Chama kiliposhindwa kilirudi kwenye misiba, kwenye vikoba, kwenye kamati za shule na za maji. Hiyo ni kazi isiyopigwa picha.

Halafu kuna fedha. Ujumbe wa kampeni ya 2020 ulikuwa rahisi kueleweka: chagua mbunge wa chama chenye serikali, mambo yaende. Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi ilikuwa imerudi Desemba 2019, baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20. Elimu bila ada ilikuwa imeanza 2016. Mtu anaweza kusema hizo ni kodi zetu, si fedha za chama, na atakuwa sahihi kabisa. Lakini mama wa Kirua anayempeleka mtoto shule hatenganishi vitu hivyo kirahisi, na wanasiasa wanalijua hilo.

Jambo la tatu ni kuhama. Godwin Mollel alichaguliwa Siha mwaka 2015 kwa tiketi ya CHADEMA. Desemba 2017 alihamia CCM, na uchaguzi mdogo wa Februari 2018 ukamrudisha bungeni akiwa na shati la kijani. Madiwani wengi nchini walifuata mkondo huo, wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais Magufuli. Kila aliyehama aliondoka na watu wake, na aliwaacha waliobaki wakitazamana kwa mashaka. Mwaka 2020 wabunge wengine wawili wa mkoa huu, Anthony Komu wa Moshi Vijijini na Joseph Selasini wa Rombo, nao walitengana na CHADEMA na kuelekea NCCR. Kwa hiyo chama kiliingia kampeni kikiwa na nyufa kabla hakijapigwa na yeyote. Na kule Vunjo, ambako 2015 waliachiana, safari hii CHADEMA na NCCR kila mmoja alisimamisha mgombea wake.

Hatua ya nne ndiyo nzito, na ndiyo inayonifanya niseme mkoa ulipotea 2019.

Novemba 24, 2019 kulikuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa, vijiji na vitongoji. Kabla ya siku hiyo maelfu ya wagombea wa upinzani nchini walienguliwa. Sababu zilikuwa kama kukosea kujaza fomu, kutokujua kusoma na kuandika, au ofisi kufungwa wakati wa kurudisha fomu. CHADEMA ikajitoa, na vyama vingine kadhaa vikafuata. CCM ikapata zaidi ya asilimia 99 ya viti. Mwaka 2014 uchaguzi kama huo ulikuwa umeipa CCM takribani asilimia 80 ya vijiji, na katika maeneo kama Hai na Moshi wapinzani walikuwa wamevuna vizuri. Kwa siku moja, chama kilichokuwa na wenyeviti wa vitongoji mlimani kikabaki bila kitu.

Naelewa kwa nini CHADEMA walijitoa. Mgombea wako akienguliwa kwa kosa la herufi, unabaki kumfanyia kampeni nani? Lakini maeneo ambayo fomu zao zilikuwa zimepita yaliachwa pia, na hilo, kwa maoni yangu, liliwagharimu kuliko walivyodhani wakati ule.

Kitongoji kina nini?

Msomaji wetu wa Dar es Salaam anaweza kushangaa kwa nini tunasumbuka na mwenyekiti wa kitongoji, mtu asiye na mshahara wala gari. Sisi wa vijijini tunamjua. Unataka kitambulisho cha NIDA, unaanza kwake. Kijana wako amekamatwa na anahitaji mdhamini, barua inatoka kwake. Unaomba mkopo, wanataka utambulisho wake. Mnagombea mpaka wa kihamba baada ya mzee kufariki, yeye ndiye shahidi wa kwanza kuitwa. Mwenyekiti wa kijiji ana zaidi: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Huku kwetu, ambako kihamba kimegawanywa hadi kimebaki upana wa migomba kadhaa, hilo si jambo dogo.

Sasa fikiria siku ya kupiga kura. Kila kituo kinahitaji wakala wa chama. Wakala mzuri si msomi kutoka mjini. Ni mtu wa hapohapo, anayejua kwamba mzee fulani aliyeko kwenye daftari alizikwa mwaka juzi, na kwamba yule binti aliyesimama kwenye foleni aliolewa Tarakea miaka mitatu iliyopita. Kura zinahesabiwa palepale kituoni, na fomu ya matokeo inasainiwa palepale. Chama chenye mwenyekiti wa kitongoji kinampata wakala huyo kwa mazungumzo ya jioni moja. Kisicho na mwenyekiti kinamtafuta kwa simu wiki ya mwisho, na kinaweza kumpata mtu atakayeuza fomu kabla ya saa sita.

Mwaka 2020 CHADEMA ililalamika kwamba mawakala wake walizuiwa na wengine kutolewa vituoni, na ikakataa matokeo nchi nzima. Kule Hai, Mbowe alitangazwa kupata kura chini ya 28,000 huku Saashisha Mafuwe wa CCM akipata karibu 90,000. Wengi wa Machame hadi leo hawaziamini namba hizo. Lakini ili upinge namba unahitaji namba zako, zilizosainiwa, kutoka kila kituo, na huwezi kuzikusanya bila watu wa kila kitongoji.

Kuna jambo jingine la huku kwetu ambalo wachambuzi wa mbali hawalioni. Vijana wengi wa mlimani hawaishi mlimani. Wako Kariakoo, Arusha, Mwanza, Dodoma. Wanarudi Desemba, wanachinja, wanajenga, wanabishana siasa hadi usiku, na Januari wanaondoka. Makundi ya WhatsApp ya ukoo yanawaka moto wa mageuzi, lakini aliyeandika yupo Mbezi na amejiandikisha kupiga kura Mbezi. Anayebaki Kibosho kupiga kura ni mama yake mwenye miaka 68, ambaye jirani yake ni balozi wa CCM na ndiye aliyemsaidia kuandikishwa TASAF. CHADEMA imekuwa ikiyapima maji ya Kilimanjaro kwa kelele za Desemba. Kura hupigwa Oktoba.

Novemba 2024: jaribio lililokwama

Rais Samia Suluhu Hassan aliondoa zuio la mikutano ya hadhara Januari 3, 2023, na CHADEMA ilirudi majukwaani mwezi huohuo. Mbowe alikuwa ametoka mahabusu Machi 2022 baada ya kesi ya ugaidi kufutwa, na kwa muda ilionekana kama kuna maridhiano. Hapa mkoani chama kilianza kufufua misingi na matawi. Mwezi wa Novemba 27, 2024 ungekuwa mtihani wa kazi hiyo.

Wagombea walienguliwa tena, kwa sababu zinazofanana na za 2019. Baadhi walirudishwa baada ya rufaa, wengi hawakurudishwa. Safari hii CHADEMA haikujitoa. Matokeo yaliyotangazwa na TAMISEMI yaliipa CCM zaidi ya asilimia 98 ya vitongoji na asilimia 99 ya vijiji nchini. CHADEMA iliambulia vitongoji mia kadhaa tu nchi nzima, kati ya zaidi ya 60,000.

Ndani ya chama, matokeo hayo yalizaa hoja mbili. Ya kwanza ilisema: tuendelee kushiriki, tupate hata kidogo, tujenge taratibu. Ya pili ilisema: tumeshiriki tukapata asilimia moja, tunaendelea kudanganya nani? Januari 2025 hoja hizo zilipigiwa kura. Lissu alipata kura 513, Mbowe 482. Miaka 21 ya uenyekiti wa Mbowe ikaisha kwa tofauti ya kura 31, naye akampongeza mshindi asubuhi yake.

Huku mlimani kishindo chake kilikuwa cha aina yake. Chama hiki kilianzishwa na Edwin Mtei, mzaliwa wa Marangu, na kiliongozwa muda mrefu na mtu wa Machame. Washindani wake walikuwa wakikiita chama cha Wachaga, tuhuma iliyokiumiza kanda nyingine. Sasa mwenyekiti ni wa Singida na makamu wake bara, John Heche, ni wa Tarime. Kwa sura ya kitaifa hiyo ni faida. Kwa Hai, kuna wazee ambao uaminifu wao ulikuwa kwa Freeman kabla ya kuwa kwa chama, na tangu Januari Freeman haonekani majukwaani. Sijasikia wakisema wamehama. Nimewasikia wakisema wanasubiri, na kwa chama cha siasa mtu anayesubiri ni hatari kuliko anayepinga.

Njia zilizobaki

Kundi lililojiita G55 liliona kususia ni kukabidhi nchi. Mwezi huu wa Mei wengi wao, wakiongozwa na aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu Zanzibar, Salum Mwalimu, wameondoka na kuingia CHAUMMA, chama ambacho wengi tulikuwa tukikijua kwa ahadi ya ubwabwa ya Hashim Rungwe. Wanatarajia kusimamisha wagombea. Je, Kilimanjaro itawafuata? Historia inasema mtu wa hapa hufuata mtu anayemjua, hata akibadilisha chama. Mrema alithibitisha hilo kwa vyama viwili. Lakini Mrema alihama akiwa na jina linalofahamika hadi kwa mtoto wa darasa la pili. Nikiangalia orodha ya waliohama Mei hii, sioni wa kulifanya hilo Uru au Kibosho. Wanaweza kupata diwani mmoja mmoja, yule aliyekuwa CHADEMA na anayetaka kutetea kata yake. Hao ndio wa kuwatazama.

ACT-Wazalendo imesema itashiriki, ila mizizi yake hapa ni mifupi. TLP tangu Mrema afariki Agosti 2022 haina mtu wa kuibeba Vunjo. NCCR ilimwondoa Mbatia kwenye uongozi mwaka 2022 katika ugomvi mrefu, na bila yeye sijui nani angeujaza mkutano pale Himo.

CHADEMA yenyewe imechagua kudai mabadiliko ikiwa nje. Baadhi ya madai yake si ya hewani. Mwaka 2023 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapo jirani Arusha, ilisema utaratibu wa wakurugenzi wa halmashauri kusimamia uchaguzi unakwenda kinyume na haki, kwa kuwa ni wateule wa Rais. Sheria mpya za 2024 zimebadilisha jina la Tume na mambo kadhaa, lakini msimamizi wa uchaguzi bado anaweza kuwa mtumishi wa umma. Na uchaguzi wa vitongoji bado umesimamiwa na TAMISEMI, iliyo chini ya Ofisi ya Rais.

Hoja ni nzuri, lakini hoja haisimami yenyewe kijijini. Mwanachama wa Kilema Pofu asiye na mgombea wa kumpigia debe, asiye na mwenyekiti wa kitongoji, na ambaye mwenyekiti wake wa taifa yuko gerezani, atafanya nini kati ya sasa na Oktoba? Chama kingekuwa na jibu la swali hilo kabla ya jibu la swali la Tume. Kuna kazi ambazo hazihitaji kibali cha Tume. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuhudhuria na kuuliza mapato na matumizi. Kamati za shule, vyama vya watumiaji maji, bodi za vyama vya msingi vya kahawa, zote zina chaguzi zake, na hazina rangi ya chama. CCM ilipokuwa imepoteza majimbo saba ilikaa humo. Sijaona CHADEMA ikiwaelekeza watu wake huko kwa nguvu ileile inayotumika kuandaa msafara wa magari.

CCM nayo isijipongeze mapema. Bila mshindani wa nje, vita vyote vitahamia ndani, kwenye kura za maoni, na majina yanayotajwa kuwania Moshi Mjini, Vunjo na Moshi Vijijini tayari ni mengi kuliko viti. Mtu atakayekatwa huko hana CHADEMA ya kukimbilia kama alivyofanya Lowassa 2015. Atabaki ndani akiwa na hasira, au atajaribu chama kidogo. Kuna kata za Rombo ambako huenda ushindani mkali kuliko wote mwaka huu ukawa ni CCM dhidi ya CCM aliyebadilisha fulana Agosti.

Ikiwa tangazo la Aprili litabaki kama lilivyo, hata mbunge au diwani wa mkoa huu akifariki au kujiuzulu mwakani, CHADEMA haitasimamisha mtu kujaza nafasi hiyo. Tangazo hilo limetaja uchaguzi mkuu na chaguzi ndogo. Halikutaja vitongoji, ambavyo uchaguzi wake unaofuata ni mwaka 2029. Kwa hesabu hiyo, karatasi ya kwanza ambayo mwanachama wa CHADEMA wa hapa anaweza kuliona tena jina la mwenzake ni ya mwenyekiti wa kitongoji, miaka minne na nusu kutoka sasa. Fomu yake ya kugombea itapokelewa na mtendaji, na itarudishwa ikiwa na kosa la herufi au bila kosa.